Aliye Nyuma Yako ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote.



Katika darsa ya akina mama ninayoisomesha baada ya Alasiri, yako maswali yaulizwayo kwa sauti na yako yaletwayo kwa karatasi iliyokunjwa. Zamani karatasi hizo zilikuwa za mambo ya twahara, hedhi na unyumba. Siku hizi nyingi zataja bodaboda. Mama mmoja auliza iwapo yafaa mwanamke kukaa juu ya pikipiki mguu huku na mguu huku. Mwingine auliza iwapo apata dhambi akilishika bega la dereva pikipiki inaporuka tuta. Wa tatu aeleza kuwa mumewe hataki avae helmeti ya dereva, kwa kuwa imevaliwa na vichwa vya wanaume asiowajua. Hakuna kitabu miongoni mwa tulivyosomeshwa chuoni kilichotaja pikipiki, lakini misingi ya kuyajibu maswali haya imo. Nimeona niyajibu kwa pamoja katika kurasa hizi zinazoingia majumbani, ili yasomwe na mama aliyeuliza, na mumewe, na mwanawe mwenye pikipiki.

Pikipiki imekwisha kuwa sehemu ya maisha yetu. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, na tangu hapo zimeenea mwambao mzima, kutoka Vanga hadi Kiunga. Mama hupelekwa kliniki kwa pikipiki, msichana huenda chuo kikuu kwa pikipiki, na usiku wa manane mwenye uchungu wa uzazi hufikishwa kwa mkunga kwa hiyo hiyo pikipiki. Vijana wetu wengi hupata riziki ya halali kwayo, nao hulisha wazazi. Kwa hiyo sikuandika haya ili kuwalaumu. Nimeandika kwa sababu nimewazuru majeruhi wengi mno, na wengi wao hawakuwa wakiendesha. Walikuwa wamepakiwa.

Waarabu wanalo neno la mtu apandaye nyuma ya mwenzake juu ya kipando kimoja. Humwita radifu. Mtume (S.A.W.) aliwapakia watu wengi nyuma yake katika maisha yake, hata mwanachuoni Yahya bin Abdulwahhab, wa ukoo wa Ibn Mandah, akatunga kitabu cha kuwakusanya majina yao. Muadh bin Jabal (R.A.) alipanda nyuma yake juu ya punda, akafunzwa hapo haki ya Mwenyezi Mungu juu ya waja na haki ya waja kwa Mola wao. Katika Hija ya kuaga, Usama bin Zayd (R.A.) alipakiwa kutoka Arafa hadi Muzdalifa, kisha Fadhl bin Abbas (R.A.) akapakiwa kutoka Muzdalifa hadi Mina. Basi kumpakia mtu ni sunna yenye adabu zake. Aliyekubali kupanda nyuma yako amekukabidhi mwili wake. Hashiki usukani, hashiki breki, wala haoni vyema kilicho mbele kwa kuwa mgongo wako umemziba. Huyo ni amana mikononi mwako tangu anapoinua mguu kupanda mpaka anapotia miguu yote miwili chini.

Nianze na swali la kwanza, la kukaa, kwa kuwa ndilo lililovunja viungo vya wengi.

Sisi watu wa mwambao tumewazoeza wanawake wetu kukaa upande juu ya pikipiki, miguu yote miwili ikining'inia upande mmoja. Tumeliona hilo kuwa ndiyo heshima, na mwanamke akaaye mguu huku na mguu huku tumemtazama kwa jicho baya. Miaka michache iliyopita jirani yetu mmoja, mama wa watoto watatu, alikuwa akirudi kutoka kumwona mzazi. Alikaa upande kama alivyofunzwa. Dereva alikuwa kijana mpole na hakuwa akienda mbio. Upepo ukaliinua pindo la buibui, likaingia katika spoki za gurudumu la nyuma. Kitambaa cha buibui za siku hizi hakiraruki upesi. Kilijizungusha kwenye gurudumu, kikamvuta mama wa watu mpaka chini. Alivunjika mguu mahali pawili, na kichwa kikapiga ukingo wa barabara.

Nilikwenda kumzuru hospitalini pamoja na mke wangu. Watu walikuwa wakimwambia kuwa ni qadari, naye akiitikia kama ipasavyo muumini. Kisha akamwambia mke wangu neno ambalo sijalisahau. Alisema kwamba alipokuwa akianguka, mikono yake yote miwili ilikuwa ikilishika buibui lisifunuke mbele za watu, na kwa hiyo hakubakiwa na mkono wa kujikingia kichwa. Leo yu hai, alhamdulillah, lakini hutembea kwa mkongojo, na wanawe ndio wamtekao maji.

Qadari ni haki, na kuiamini ni nguzo ya imani. Lakini Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu mmoja iwapo amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mwenyezi Mungu, alimwamuru amfunge kwanza, kisha ategemee. Basi na tutazame ni kamba gani hatukuifunga.

Anayekaa upande ameuweka uzito wake wote ubavu mmoja, na mara nyingi ni mguu mmoja tu uliopata pa kukanyaga. Hana magoti ya kubania kiti. Pikipiki ikifunga breki ghafla au ikiruka tuta, hana kinachomzuia asiteleze mbele au asianguke kinyumenyume. Ama akaaye mguu huku na mguu huku, miguu yake imekanyaga vikanyagio vyote viwili, mapaja yake yamekibana kiti, na uzito wake uko katikati pamoja na wa dereva.

Liko pia jambo la gurudumu. Pikipiki nyingi tunazozitumia hutoka India, nchi ambayo wanawake wake huvaa sari na aghalabu hukaa upande. Kwa hiyo waundaji wa huko huweka kinga ya chuma ubavuni mwa gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, ili nguo isiingie katika spoki. Huku kwetu nimeona nyingi zikiwa zimeng'olewa kinga hiyo, ama kwa kuwa ilipinda katika ajali, ama ili gurudumu lionekane vizuri. Pia kava ya cheni huvunjika isirudishwe. Kijana, kabla ya kumpakia mwanamke mwenye buibui, itazame kinga hiyo. Kama haipo, irudishe. Fundi yeyote wa kuchomelea vyuma aweza kukutengenezea.

Na je, kukaa mguu huku na mguu huku si kuvunja stara? Jawabu langu ni kuwa sheria imemtaka mwanamke ausitiri mwili wake. Namna ya kukaa juu ya kipando ni ada ya watu, na ada ikileta madhara hapana budi iachwe. Stara yapatikana kwa suruali pana ivaliwayo chini ya buibui, ifikayo kwenye vifundo vya miguu. Yapatikana pia kwa buibui lililokatwa kwa nafasi, kwa maana abaya nyembamba za siku hizi ndizo zinazomlazimisha mtu kukaa upande. Mwambieni mshonaji aongeze upana chini. Anapopanda, dada yetu na alikusanye pindo lake kutoka pande zote mbili, alikalie chini ya mapaja, kisha aziingize ncha za mtandio ndani ya buibui. Leso ya kujitupia mabegani na ikunjwe itiwe mkobani. Hapo atakuwa amejisitiri kuliko yule aliyekaa upande na pindo lake likipeperushwa na upepo.

Ninawaomba wanaume wenzangu wasome kwa makini visa viwili vilivyopokewa katika vitabu sahihi.

Cha kwanza amekisimulia Anas bin Malik (R.A.). Mtume (S.A.W.) alikuwa akirejea safarini, na mkewe Bibi Safiyya (R.A.) amepanda nyuma yake. Ngamia akateleza, wote wawili wakaanguka. Abu Talha (R.A.) akaruka kutoka kwa kipando chake kumkimbilia Mtume, akimwambia maneno ya mapenzi na ya kujitolea. Mtume akamwelekeza amwangalie mwanamke kwanza. Abu Talha akajifunika uso kwa nguo, akaenda alipo Bibi Safiyya, akamfunika kwa nguo hiyo, kisha akakitengeneza kipando wakapanda tena. Tazameni mpango wa mambo. Mtume wa Mwenyezi Mungu naye ameanguka, lakini neno lake la kwanza ni juu ya aliyekuwa amempakia. Tena stara ya Bibi Safiyya iliangaliwa na watu waliosimama wima. Yeye mwenyewe hakutakiwa ajipiganie huku akianguka. Laiti jirani yetu angekuwa na hakika kwamba sisi tulioko barabarani tutamfunika, angeiacha mikono yake ikikinge kichwa chake.

Hilo nalo latupa wajibu. Mwanamke akianguka barabarani, wa kwanza kufika na amtupie leso, kanzu au koti, kisha awafukuze wapigao picha kwa simu. Asimwinue kwa pupa, wala asimkunje juu ya pikipiki nyingine kumkimbiza hospitali, kwa kuwa shingo au uti wa mgongo uliovunjika huharibiwa zaidi kwa kuinuliwa vibaya. Aachwe alale, azungukwe, na gari liitwe.

Kisa cha pili ni cha Bibi Asma binti Abu Bakr (R.A.), mke wa Zubayr bin Awwam (R.A.). Alikuwa akitembea masafa marefu akibeba kokwa za tende kichwani kutoka katika shamba la mumewe. Siku moja Mtume (S.A.W.) alimkuta njiani akiwa pamoja na watu wa Ansari, akampigisha ngamia magoti ili ampakie nyuma. Bibi Asma akaona haya kufuatana na wanaume, tena akaukumbuka wivu wa mumewe. Mtume akaitambua haya yake, akaenda zake. Aliporudi nyumbani akamhadithia mumewe, naye Zubayr akamwambia kwamba kule kumwona amebeba mzigo kichwani kwamuumiza zaidi kuliko kama angepanda pamoja na Mtume.

Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafi twamtegemea sana, alipoipangia milango Sahihi Muslim aliiweka hadithi hii chini ya mlango wa kujuzu kumpakia mwanamke asiyekuwa maharimu anapochoka njiani. Wako wanavyuoni waliosema kuwa hilo lilikuwa mahususi kwa Mtume (S.A.W.), na khitilafu hiyo ni ya kuheshimiwa. Kwa hiyo nami nasema kwamba bora mwanamke apakiwe na mumewe, nduguye au mwanawe, na penye uwezo achukue tuktuk au matatu. Lakini ikiwa haja imemfika na bodaboda ndicho chombo kilichopo, basi apande kwa adabu na kwa usalama. Mume mwenye wivu na autazame wivu wa Zubayr. Mtu yule alijulikana kwa wivu, na bado taabu ya mkewe ilimwuma kuliko wivu wake. Anayemwambia mkewe akae upande, asishike popote, asivae helmeti, kisha ampungie mkono mlangoni, huyo wivu wake haukumlinda mke.

Ama kushika, pikipiki nyingi zina chuma cha kushikia nyuma ya kiti, au keria. Abiria mwanamke na ashike hapo kwa mikono miwili, au kwa mkono mmoja ikiwa ana mtoto. Akina mama wengi huweka mkoba kati yao na dereva, na hilo ni jema, mradi mkoba uwe na mshipi wa kuvaa begani usiohitaji kushikwa. Pikipiki ikiyumba, naye akalishika bega la dereva ili asianguke, hana dhambi inshallah. Kujiokoa ni dharura, na dharura ina hukumu yake.

Sasa helmeti. Imam Ghazali na wanavyuoni waliomfuata wameeleza kuwa sheria yetu imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Helmeti yahifadhi mawili kwa mara moja, nafsi na akili. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42, na hatari ya majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Sheria ya Kenya nayo yataka dereva na abiria wake wavae helmeti na koti la kung'aa. Hata hivyo tazameni barabara zetu. Dereva amevaa, au ameining'iniza kwenye kiwiko, na abiria kichwa kitupu. Baadhi ya madereva wanayo ya pili lakini wameifunga kwenye keria, wakingoja kuiona polisi mbele.

Akina mama wanazo sababu zao na si za kupuuza. Helmeti ya watu wote hunuka jasho, huhofiwa kuleta maradhi ya ngozi, na huuharibu ushungi. Dawa yake ni nyepesi. Familia yenye kutumia bodaboda kila siku na inunue helmeti yake yenyewe, iwekwe mlangoni pamoja na viatu. Ndani yake ivaliwe kofia nyepesi ya pamba, ile ile wanayoivaa dada zetu chini ya ushungi. Vibanio vikubwa vya nywele na pini za ushungi zitolewe, kwa sababu kichwa kikipigwa huingia katika ngozi. Ukanda wa kidevuni ufungwe. Helmeti isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Twawanunulia mabinti zetu dhahabu wakati wa harusi, na jambo hilo ni jema. Helmeti nayo na iingie katika vifaa vya bibi harusi, na hakuna atakayecheka mwaka wa pili.

Jambo la watoto lanitia hofu kuliko yote. Asubuhi za Jumamosi, wakati wa kwenda chuo, husimama mlangoni pa madrasa nikapokea pikipiki moja ikiwa na wanafunzi watatu, wanne, wamepangwa kama mishikaki, na mdogo wao amekaa juu ya tangi la mafuta mbele ya dereva, mikono juu ya usukani. Wazazi hulipa nauli moja kwa wanne na huona wamepata nafuu. Yule wa mbele ndiye aliye hatarini zaidi. Pikipiki ikigonga, huwa kati ya usukani na kifua cha dereva, na uzito wa wote walio nyuma humjia yeye.

Huenda kijana mwenye kusoma akanijibu kwa hadithi ya Abdullah bin Jaafar (R.A.), aliyesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) aliporudi safarini alipokewa na watoto wa nyumbani kwake, akampandisha mmoja mbele na mwingine nyuma, wakaingia Madina watatu juu ya mnyama mmoja. Hadithi ni sahihi. Lakini wanavyuoni walipoieleza waliweka sharti, kwamba mnyama awe aweza kuwabeba. Pikipiki imeundiwa watu wawili. Breki zake, magurudumu yake na springi zake zimepimwa kwa hao wawili, na sheria ya nchi imeruhusu abiria mmoja tu. Kwa hiyo sharti la wanavyuoni halikutimia, na hadithi si hoja kwa wanne.

Kipimo changu cha mtoto ni hiki: kama nyayo zake hazifiki kwenye vikanyagio akiwa amekaa, hajawa wa kupakiwa nyuma ya pikipiki. Hata akifika, awe na nguvu za kushika na akili ya kutosinzia. Walio wadogo zaidi na waletwe kwa miguu wakiongozwa na mkubwa, au wazazi wa mtaa mmoja washirikiane tuktuk moja na wagawane nauli. Ikiwa hapana budi mama abebe mtoto mchanga kwenda hospitali, na amfunge kwa leso imara kifuani, katikati yake na dereva, wala asimpakate kwa mkono mmoja ubavuni. Hilo ni la dharura, halifai kufanywa desturi.

Niwageukie vijana wangu wenye pikipiki.

Mwaijua pikipiki zenu kuliko mimi, lakini mkumbuke kwamba chombo chenye abiria si kile mlichozoea mkiwa peke yenu. Kimekuwa kizito nyuma, huchelewa kusimama, na mbele huwa chepesi kwenye kona. Kwa hiyo anzeni breki mapema, tumieni ya mbele na ya nyuma pamoja kwa upole, na acheni nafasi kubwa zaidi kati yenu na gari la mbele. Tazameni upepo wa tairi la nyuma kabla ya kumpakia mtu mzima. Palipo na mchanga uliomwagika barabarani, au lami iliyolowa na mvua za kwanza za masika, punguzeni mwendo kabla ya kona. Anapopanda abiria, tieni miguu yote miwili chini, na mumwambie apande kwa upande wa kushoto, kwa kuwa katika pikipiki nyingi bomba la moshi liko kulia, na wengi wana alama ya moto kwenye ndama ya mguu kwa sababu hiyo. Msiondoke mpaka aseme yuko tayari.

Na mwendo, Allah awahifadhi. Katika Hija ile ya kuaga, Mtume (S.A.W.) aliondoka Arafa baada ya jua kuzama, na Usama yuko nyuma yake. Watu walikuwa wengi, na kila mmoja ataka kuwahi. Jabir (R.A.) asimulia kuwa Mtume alizivuta hatamu za ngamia wake Qaswa hata kichwa chake kikakaribia kugusa matandiko, huku akiwaashiria watu kwa mkono watulie. Walipofika penye mwinuko, akalegeza kidogo ili mnyama apande. Mwendo wake aliupima kwa njia aliyokuwa akipita. Nanyi mwajua dakika zile za kabla ya Magharibi katika Ramadhani, namna barabara zinavyogeuka uwanja wa mashindano, kila mtu akiiwahia tende yake. Aliyempakia mtu nyuma yake na aikumbuke hatamu ya Qaswa. Kuchelewa kufuturu kwa dakika kumi hakuharibu saumu ya mtu.

Safari nyingine Anjasha, aliyekuwa na sauti nzuri ya kuwaimbia ngamia, aliwaendesha ngamia waliowabeba wanawake, nao ngamia wakakaza mwendo. Mtume (S.A.W.) akamwambia apunguze, akiwafananisha wanawake wale na vyombo vya kioo. Basi dereva anayeongeza mwendo ili kumtisha msichana aliyempakia, amshike kwa hofu, na ajue kuwa amefanya machafu mawili kwa tendo moja.

Tena jueni uzito wa hukumu. Mwenye kupokea ujira wa kubeba ni mwaminiwa, na mwaminiwa akizembea huwajibika. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wameihesabu ajali iliyomwua mtu kwa uzembe wa dereva kuwa ni katika kuua kwa makosa, jambo ambalo lina diya kwa warithi na kafara ambayo, kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru, ni kufunga miezi miwili mfululizo. Kumsamehe nauli maiti hakuondoi hayo.

Nimalize kwa haki ya abiria ambayo wanawake wetu wengi hawaitumii. Dada mmoja aliniandikia kuwa dereva aliyempakia alikuwa akizungumza kwa simu aliyoibana ndani ya helmeti, akipita kati ya malori, naye akanyamaza mpaka mwisho wa safari kwa kuona haya kumsemesha mwanamume asiyemjua. Haya ni tawi la imani, lakini haya isiyokuacha uiombe roho yako ina jina jingine, nalo ni udhaifu. Una haki ya kusema, "Mwanangu, punguza mwendo." Asiposikia, una haki ya kusema, "Nishushe hapa." Mlipe kwa masafa aliyokufikisha, ushuke, usubiri mwingine. Akina baba, wafunzeni mabinti zenu maneno hayo mawili, nao wajue kwamba wakichelewa kwa sababu hiyo hawatagombezwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wapandao na wapakiao, awaponye walioumia, awarehemu waliotutangulia, na awatie vijana wetu huruma kwa wale walio nyuma yao.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.